Mtafsiri wa Upande wa Kushoto

Mahali pake palikuwa hatua moja kushoto mwa mhubiri, na nusu hatua nyuma. Katika kanisa letu la Butembo, juu mlimani ambako ukungu unakawia hadi saa tatu asubuhi, saruji ya mahali hapo imelika na kung'aa kwa viatu vya mtu mmoja. Tulimwita Mtafsiri. Hata mke wake alimwita hivyo mbele ya wageni.

Kazi yake nitaieleza polepole, maana ndiyo iliyobeba mengine yote. Mhubiri mgeni anahubiri kwa Kifaransa, mwingine kwa Kiswahili. Lakini mabenchi ya katikati yamejaa wamama walioteremka kutoka mashambani, ambao neno zito linawaingia kwa Kinande tu. Basi mhubiri anasema sentensi moja, ananyamaza. Mtafsiri anaipokea, anaisema upya kwa Kinande, ananyamaza. Wanakwenda hivyo saa nzima, kama watu wawili wanaotwanga katika kinu kimoja: mchi wa huyu ukipanda, wa yule unashuka. Mmoja akichelewa, michi inagongana.

Miezi hii ya mwisho michi ilikuwa imeanza kugongana. Kamati ya kanisa iliamua kwamba nafasi ya kushoto niichukue mimi, mwalimu wa mwaka wa kwanza, niliyekuwa nikimsaidia kwenye ibada za vijana. Ilibaki mtu wa kumwambia mzee. Wanakamati wote walinitazama. Nilisema ndiyo, nitamwambia. Jumapili tisa zikapita, na kila Jumapili nilimsalimu, nikamuuliza habari za magoti, nikaenda zangu.

Alikuwa na sheria mbili za kazi, na hakuziandika popote.

Ya kwanza ilikuwa neno "mimi". Mhubiri akisema "mimi niliona", Mtafsiri naye anasema "mimi niliona". Hasemi "anasema kwamba aliona". Aliniambia kuwa ukianza kusema "anasema, anasema", watu wanamsikia mlinzi wa mlango, mwenye nyumba hawamsikii. Sheria hiyo ilimletea balaa yake. Siku moja mhubiri alitubu hadharani kwamba ujanani aliiba mbuzi wa jirani, akamchinja, akamla, kisha akaenda kumpa pole mwenye mbuzi. Mtafsiri aliyasema yote kwa Kinande, kwa sauti iliyovunjika mahali panapotakiwa. Baada ya ibada, mama mmoja kutoka Kasugho alimngojea mlangoni.

"Tata, ile mbuzi," alisema, "ilikuwa nyeupe?"

"Mama, mbuzi gani?"

"Ile uliiba. Ya kaka yangu ilipotea, ilikuwa nyeupe na mukia mweusi."

Alimweleza. Yule mama alisikiliza kwa adabu, kisha akamwambia, "Nimekusamehe, lakini usirudilie." Tangu siku hiyo, wenzake wakitaka kumchokoza walimwuliza kama nyama ya Kasugho ilikuwa tamu.

Sheria ya pili ilikuwa hii: usimmalizie mtu neno lake. Mhubiri akikwama katikati, Mtafsiri hakumsukuma, hata kama alijua kinachofuata, hata kama kanisa zima lilijua. Alitoa kitambaa chake cha mfukoni, cheupe chenye mstari wa bluu, akakikunja mara mbili, akakikunjua, akakikunja tena. Alikuwa anangoja.

"Ukimumalizia mutu sentensi, haiko yake tena," alikuwa akisema. "Ni yako. Umemwibia, halafu unamwangalia kama unamusaidia."

Mimi kitambaa kile nilikijua kabla ya kuijua kazi. Nilipokuwa na miaka minane nilikuwa na kigugumizi kibaya. Si kile cha kurudia silabi tu ambacho watu wanakicheka; changu kilirudia, kisha kikafunga. Neno lilifika kwenye meno, na meno hayakufunguka. Nyumbani walinipenda sana, kwa hiyo walinimalizia kila kitu. Nikisema "na-na-nataka", mama alishataja chumvi, kaka sabuni, nyanya alishanipa kipande cha muhogo. Nilipewa vitu vingi ambavyo sikuviomba. Mwishoni nilinyamaza kabisa, kwani kunyamaza kulinipa yaleyale bila aibu.

Mtafsiri ndiye aliyefundisha somo la watoto siku ya Jumapili. Alituuliza kila mmoja amekula nini asubuhi. Zamu yangu ilipofika, watoto walisema kwa pamoja, "Huyu hapana kusema!" Naye akatoa kitambaa. Akakikunja. Akakikunjua. Watoto wakaanza kucheka, kisha wakachoka kucheka, kisha wakaanza kukanyagana miguu. Yeye hakutabasamu kunitia moyo, na hilo lilinisaidia, maana tabasamu la watu wazima lilikuwa na haraka ndani yake. Alinitazama kama mtu anayesubiri maji yachemke, ambaye hana shaka kwamba yatachemka.

"Bi-bi-biringanya," nilisema mwishowe.

"Asubuhi?" aliuliza. "Kwenu ni matajiri!"

Walicheka tena, lakini sasa walicheka biringanya. Nikacheka nao.

Nimefundisha mwaka wa kwanza kwa miaka mingi, na jambo moja nimelijifunza kwa masikio yangu mwenyewe, bila kitabu. Kusema kwa mtiririko si kipaji unachopewa mara moja ukabaki nacho. Kunapanda na kushuka na umri, kama mto wenye misimu. Mtoto wa miaka mitatu anarudia, "mimi, mimi, mimi nime, nime", na wazazi wanaogopa kuwa ana ugonjwa. Mara nyingi hana. Mawazo yake yameanza kukimbia, na mdomo bado unajifunza kutembea. Mpe muda, na wengi watafika. Akifika utu uzima, mdomo na wazo vinakwenda bega kwa bega. Huo ndio wakati mtu anasema na hasikii kama anasema. Halafu nywele zinageuka, na kitu kingine kinaanza. Maneno hayaondoki. Mzee anajua neno, anajua kwamba analijua, anaweza hata kukuambia si hili wala lile. Ila njia ya kulifikia imekuwa ndefu, ina vichaka, na majina ya watu na ya mahali ndiyo yanakaa mbali zaidi. Mwenye lugha tatu ana njia tatu, na ile ya utotoni ndiyo inabaki wazi kwa muda mrefu zaidi; au hivyo ndivyo nilivyoona kwake.

Nilimjua katika misimu yake miwili.

Katika ule wa kwanza alikuwa mwepesi kiasi cha kuogopesha. Alikuja mwinjilisti aliyesema kama mvua ya mawe juu ya bati, asiyengoja mtu. Watafsiri wawili walimkimbia kule Beni. Mtafsiri alisimama kushoto mwake na hakungoja sentensi iishe. Aliingia chini yake, akatembea nayo, wakamaliza pamoja. Siku ya tatu watu walijaa hadi nje kwenye udongo mwekundu, na wengi walikuja kumsikiliza yeye. Alijua hivyo. Alinunua viatu vipya. Majivuno alikuwa nayo, na yote yalikuwa miguuni: viatu vyake vilipakwa dawa hata msimu wa tope, na mtu aliyemkanyaga alisalimiwa kwa ubaridi mwezi mzima.

Alikuwa na mambo yasiyolingana. Huyu aliyengojea mtoto atoe neno biringanya hakuweza kungojea chai ipoe. Aliunguza ulimi kila asubuhi, kisha akailaumu chai. Aliyesema saa nzima mbele ya watu mia kadhaa, nyumbani alikuwa bubu. Mke wake alilalamika kwetu sisi wamama wa kwaya, "Anamaliza maneno yote kule. Miye ananiletea kinywa tupu." Na yeye aliyeapa kwamba haongezi wala hapunguzi neno, nilimkamata mara moja. Mhubiri mgeni, ambaye Kinande hakujua hata salamu, alisema kwamba watu waliokimbia mashamba yao wanakimbia dhambi zao wenyewe. Benchi tatu za mbele zilikuwa za watu hao. Walikuwa wamefika wiki hiyo na magodoro kichwani. Mtafsiri aliwatazama, kisha akasema kwa Kinande, polepole na wazi: "Aliyekimbia amechoka. Msogezeeni mahali pa kukaa."

Watu wakasogea. Mhubiri alifurahi kuona neno lake limefanya kazi.

Nilimwuliza baadaye, "Mutafsiri, ile sentensi, ilikuwa yake?"

"Siku ile nilikuwa nachoka," alijibu, na akaanza kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

Msimu wa pili ulianza na majina. Alitaka kusema Yerusalemu akasimama, akasema "ule mji, ule wa mlimani". Watu walidhani anapamba maneno tu. Kisha vituo vikawa virefu. Mhubiri alimaliza sentensi, Mtafsiri akafungua mdomo, na hewa peke yake ikatoka. Mabenchi yakakaza migongo. Mhubiri, akidhani mwenzake amemaliza, alianza sentensi nyingine, na hapo zilikuwa mbili mkononi mwa mzee, ya kwanza haijatoka na ya pili inamwelemea.

Kilichomuumiza hakikuwa kukwama. Kilikuwa upendo wetu. Wamama walianza kumnong'oneza. Akikwama kwenye "subira", benchi la tatu lilisema "subira". Akitafuta "mavuno", kwaya nzima ikampa "mavuno". Walikuwa wanamlipa kwa miaka yote. Kila neno alilopewa, nilimwona anashuka kidogo, kama nyumba inayozama kona moja.

"Banashindwa kungoya," aliniambia siku moja, tumesimama nje chini ya paa, mvua inanyesha. "Mutu haiko ata mugonjwa, banaanza kumutilia udongo."

Hapo ndipo ningemwambia. Maneno yalikuwa tayari. Nilisema, "Banakupenda, Tata," nikafungua mwavuli.

Katibu wa kamati, mwanamume mwenye shughuli nyingi na moyo usio mbaya, alinifuata hadi shuleni.

"Madame, unangoya nini? Wiki hii tunaenda ku Beni, mkutano ya makanisa yote. Batasoma majina ya watumishi wapya mbele ya watu. Weye uko ndani. Unataka asikie kule, pamoja na bageni?"

"Nitamwambia mu njia."

"Mu njia? Na ile barabara?"

"Katibu, nimesema nitamwambia."

"Juu yeye anajua anaenda kutafsiri mahubiri ya kufungua. Amenunua ata dawa ya viatu."

Tuliondoka asubuhi ya Ijumaa, ndani ya teksi iliyokodiwa: mimi na Mtafsiri nyuma, dereva mbele na mizigo ya kanisa pembeni yake. Katibu alikuwa ametangulia. Dereva alikuwa mtu wa maneno mengi, mwenye huruma inayokwenda mbio. Wiki hiyo watu walikuwa wamekimbia tena vijiji vya upande wa msitu kwa sababu ya mashambulizi, na katika barabara tulipita familia zinazotembea kinyume chetu, mbuzi kwa kamba, sufuria mgongoni. Dereva alizima redio bila kuombwa. Mtafsiri alikuwa na Biblia magotini, anasoma kimya fungu la kesho kwa Kifaransa, midomo ikijaribu Kinande chake. Mara tatu nilivuta pumzi ili niseme. Mara tatu nilitazama midomo ile inayojaribu, nikaiacha pumzi itoke.

Kabla ya Beni kulikuwa na kizuizi: kamba iliyofungwa mifuko ya plastiki, na magari manne yamesimama. Askari kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi, aligonga bati la teksi.

"Wote chini. Carte mu mukono."

Tulishuka, tukapanga mstari nyuma ya wamama wa soko wenye vifurushi vya poro, ile mboga ya jamii ya kitunguu. Askari alikuwa na haraka ya mtu anayeogopa, na mtu anayeogopa akiwa na bunduki hupaswi kumchelewesha. Aliangalia kadi yangu.

"Madame, kazi?"

"Mwalimu. Mwaka wa kwanza."

Akanirudishia. Akachukua ya Mtafsiri, akaigeuza, akaisogeza karibu na macho.

"Papa, unatoka wapi?"

Hapa lilitokea kosa ambalo sidhani mtu mwingine duniani angelifanya. Mtafsiri alimsikiliza hadi mwisho. Aliitikia kwa kichwa. Kisha akageuka nusu kuelekea mstari wa watu, akainua kidevu, na kwa sauti yake ya kanisa, nzuri kabisa, bila kukwama hata kidogo, akalitafsiri swali kwa Kinande: Baba, unatoka wapi?

"Maboya!" alijibu mama mmoja wa poro, kwa unyenyekevu, akitaja kijiji chake.

Mtu alicheka, kisha akaacha.

Askari alirudi hatua moja nyuma. "Anabaambia nini? Papa, unabaambia nini bale batu?"

"Chef, ni mazoea," nilisema. "Ni mutafsiri wa kanisa, kila siku anafanya..."

"Sijakuuliza weye!" Alipiga kadi kwa kidole. "Hapa banaandika carte ilitoka Manguredjipa. Na teksi yenu inatoka Butembo. Manguredjipa kule mu pori ulienda kutafuta nini? Papa, loba! Sema!"

Mtafsiri alifungua mdomo. Nikaijua ile hewa.

Naomba uelewe kilichokuwa kinapita mahali pale. Kwangu mimi, kimya kile kilikuwa mzee anayetembea katika kichaka kutafuta neno analolijua. Kwa askari kilikuwa mtu anayetunga uongo. Vimya viwili hivyo vinafanana kabisa kwa nje, na sikuwa na njia ya kumwonyesha tofauti.

Dereva hakuvumilia. "Chef, huyu muzee alienda kuhubiri kule. Ni mutu ya Mungu."

Askari alimtazama Mtafsiri. "Ulienda kuhubiri?"

Kichwa cha mzee kilitikisika. "Hapana," alisema. Neno hilo lilikuwa karibu.

"Basi ni mukwe wake," dereva alisema upesi, jasho likimtoka. "Iko na mukwe anachimba dhahabu, alienda kumwona..."

"Hapana," alisema Mtafsiri tena.

"Sasa ni maneno mbili na hapana mbili." Askari alishusha mkanda wa bunduki kutoka begani. Mwenzake aliyekaa kwenye mifuko ya mchanga alisimama. "Huyu anabaki hapa. Bengine baende."

Na mimi nilikuwa na jibu langu la tatu, tayari kwenye ulimi. Miaka mingi niliamini kwamba kule Manguredjipa alikuwa na shamba la michikichi. Sijui nani aliniambia. Lilikuwa jibu safi, lisilo na dhahabu wala mahubiri, na nilijua ningelisema vizuri, bila kufungwa. Nilifungua mdomo. Kisha nikaona mkono wa mzee unashuka mfukoni na kutoa kitambaa. Alikikunja mara moja.

Nilifunga mdomo. Nikazunguka nyuma yake nikasimama upande wake wa kushoto, nusu hatua nyuma.

"Chef," nilisema, "mwache aseme na Kinande. Kiswahili inamuchelewesha. Miye nitatafsiri. Lakini inafaa tumungoye."

"Tumungoye mpaka saa ngapi?"

"Mpaka atamaliza."

Aliangalia mstari wa magari, akaangalia mwenzake. Sijui kilichompa subira. Labda uchovu tu. "Aseme," alisema.

Tulingoja. Mama wa poro alifungua mdomo kutaka kusaidia, nikamtazama kwa jicho la darasani, akaufunga. Kitambaa kilikunjwa, kikakunjuliwa. Kisha kwa Kinande, moja baada ya jingine, kama mtu anayevuka mto kwa mawe, maneno yalianza kuja, na mimi nikayapokea.

"Nilienda kumuuguza dada yangu," nilisema.

"Alikuwa mukubwa wangu. Ndiye alinibeba mugongoni."

Askari alihamisha uzito mguu hadi mguu.

"Alikufa mikononi yangu."

Sikuwa najua kwamba alikuwa na dada. Miaka yote hiyo alisema "mimi" kwa niaba ya wahubiri mia, na hii ilikuwa mara ya kwanza nasikia yake.

"Bale ba kuandikisha watu balitukuta mu kilio. Niliandikishwa kule kule, juu sikujua kama nitapata nguvu ya kurudi."

Kitambaa kilisimama.

"Amemaliza?" askari aliuliza.

"Bado," nilisema, na sikujua kama ni kweli. Nilichoona tu ni kwamba mabega yake hayakuwa yameshuka.

Kisha Mtafsiri alisema maneno matatu, nami nikayasema: "Angalia kichwa changu."

Askari aliangalia kichwa changu, chenye kilemba cha kitenge. Alikunja uso. Mtafsiri alivua kofia yake polepole, akainamisha nywele zake nyeupe, nyingi, alizokuwa akizichana kama kijana. Askari alielewa. Aliinua kadi hadi karibu na pua. Katika ile picha ndogo, iliyofifia, kulikuwa na mtu huyuhuyu, na kichwa chake kilikuwa kimenyolewa mpaka ngozi, kama wanavyonyolewa wafiwa kwetu.

Alikaa na kadi ile. Mvua nyembamba ilikuwa imeanza.

"Kilio," alisema, kama anajiambia. Aliirudisha kadi kwa mikono miwili. "Kende malamu, Papa. Mwende muzuri."

Gari liliondoka taratibu. Dereva alikuwa analia na kuendesha kwa pamoja, akiomba msamaha kwa kila shimo la barabara. "Tata, nilitaka kusaidia tu. Nilitaka kusaidia." Mtafsiri alimgusa bega, akakirudisha kitambaa mfukoni.

Nilijua kwamba nisiposema sasa sitasema tena. Nikaanza, na meno yakafunga. Miaka thelathini sikuwa nimefungwa hivyo.

"Ta-ta-tata. Ka-ka..."

Alinigeukia. Akatoa kitambaa.

Dereva, ambaye hakuwa amejifunza, alisema, "Kamati? Kadi? Madame anataka kusema kadi..."

"Nyamaza," Mtafsiri alimwambia dereva, bila ukali.

Nilisema. Ilichukua muda wote wa kutoka kwenye kizuizi hadi tulipoona bati za kwanza za Beni. Nilisema kwamba kamati imenichagua, kwamba jina langu litasomwa kesho, kwamba nimelijua jambo hili Jumapili tisa na nimemdanganya kwa kumuuliza habari za magoti. Yote yalitoka vipande vipande. Hakunisaidia hata kwa neno moja, hata pale ambapo neno lilikuwa jina lake.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Ni-nimemaliza."

"Sasa ungoye ya kwangu."

Tukangoja. Tulipita kituo cha pikipiki, tukapita wauza ndizi. Dereva alikuwa ameuma mdomo wake wa chini ili usifunguke. Uso wa mzee ulikuwa mgumu, na sikujua ni hasira au ni kichaka. Nilitamani kumwambia kwamba nitakataa, kwamba kamati ijitafutie mwingine. Hilo lingekuwa kumalizia sentensi yake kwa ajili yangu. Nilikaa na hofu yangu magotini. Gari lilisimama mbele ya kanisa la mkutano, injini ikazimwa, katibu akaonekana mlangoni anapunga mkono, na mzee alikuwa bado anatafuta.

"Utasimama kushoto," alisema mwishowe, kwa Kinande. Kisha, akikikunja kitambaa: "Kitambaa kitabaki na miye. Anayengoya ndiye anakihitaji."

Akashuka, akaangalia viatu vyake, akapangusa kimoja kwa nyuma ya suruali.

Asubuhi ya kesho yake nilisimama hatua moja kushoto mwa mhubiri, na nusu hatua nyuma. Kanisa lilikuwa limejaa hadi madirishani. Mhubiri alisema sentensi yake ya kwanza kwa Kifaransa, ndefu na nzuri, akaninyamazia. Nilifungua mdomo, na herufi ya kwanza ikagoma kwenye meno. Benchi zikakaza migongo. Mtu upande wa kwaya alianza kuninong'oneza neno.

Katika benchi la mbele, mzee mmoja aligeuza kichwa upande wa kwaya, na mnong'ono ukakatika. Kisha akaweka kitambaa cheupe juu ya goti, akakikunja mara mbili, akakikunjua, akaanza kukikunja tena, bila haraka yoyote.

Nikavuta pumzi.